Jaribio lilifaulu, kiwanda kinasumbua: kutafuta visababishi katika uchakataji wa shaba na kobalti

Mwongozo huu unawahusu wahandisi, wakemia na wakuu wa zamu wa viwanda vya shaba na kobalti vya Lubumbashi, na vya ukanda unaopanda kuelekea Likasi na Kolwezi, ambao wamekabidhiwa kiwanda kilichosanifiwa kutokana na matokeo ya kiwanda cha majaribio na sasa wanaona kwamba namba za kila siku hazifanani na namba za ripoti. Kuyeyusha madini kwa asidi na kuikusanya shaba kwa umeme si jambo geni katika nchi hii ya Kongo: Shituru, pale Likasi, ilianza kutoa shaba ya elektrolisisi mwaka 1929, na Luilu ya Kolwezi ikafuata mwaka 1960. Hata hivyo kila mgodi una mwamba wake, na kila mradi hulazimika kujaribiwa upya kwa kipimo kidogo kabla ya kujengwa kwa kipimo kikubwa.

Kiwanda cha majaribio hujibu maswali kiliyoulizwa. Kinapotoa asilimia 95 na kiwanda kikubwa kikatoa 88, mara nyingi jibu lilikuwa sahihi, ila swali lilikuwa jembamba. Mambo manne ndiyo hubadilika kati ya vipimo hivyo viwili: ukubwa wa vyombo, muda wa uendeshaji, aina ya malighafi, na idadi ya mara ambazo mmumunyo uleule hurudishwa katika mzunguko. Dalili zote zinazofuata zinatokana na mojawapo ya hayo, au na mawili yaliyoungana, na kazi ya mchunguzi ni kujua ni lipi kabla hajagusa vali yoyote.

Jaribio la kwanza, kabla ya yote

Kosa linaloonekana katika miradi mingi ni kulivunja au kuliuza tangi dogo la majaribio mara tu kiwanda kinapozinduliwa. Liachwe limesimama. Kiwanda kinapoanza kusumbua, chukua tope lilelile linaloingia katika tangi la kwanza, pamoja na mmumunyo uleule unaorudi kutoka hatua ya mafuta (ambako mafuta yenye dawa huivuta shaba kutoka katika mmumunyo), uvipitishe katika kiwanda cha majaribio kwa masharti ya zamani. Ikiwa chombo kidogo nacho kinashindwa, malighafi au mmumunyo umebadilika, na hakuna faida ya kuanza kubadilisha vikorogeo. Ikiwa chombo kidogo kinafaulu, basi tatizo limo katika ukubwa: ukorogaji, mtiririko, uso wa kimiminika, joto. Jibu hilo moja hupunguza nusu ya kazi yote iliyobaki.

Hakikisha pia kwamba tofauti unayoitafuta ipo kweli. Linganisha uzito wa shaba na kobalti unaoingia na ule unaotoka kwa njia zote, yaani kathodi (mabamba ambayo shaba hugandia), mabaki, mmumunyo uliotolewa nje na akiba iliyoongezeka ndani ya matangi. Urari usiofungika kwa zaidi ya asilimia 5 hauwezi kuthibitisha hasara ya asilimia 4, na mara nyingi aliyepotosha ni kipima mtiririko au sampuli iliyochotwa juu ya tangi mahali ambapo chembe nzito hazifiki.

Madini hayayeyuki kwa kiwango kilichoahidiwa

Hili ndilo lalamiko la kwanza na ndilo lenye visababishi vingi zaidi. Swali la kuanzia ni kama shaba na kobalti zimeshuka pamoja au imeshuka moja tu. Zikishuka pamoja, shuku muda na ukorogaji. Ikishuka kobalti peke yake, shuku kipunguzaji, yaani dawa inayoigeuza kobalti iweze kuyeyuka. Ikishuka shaba peke yake, tena polepole kwa miezi, shuku machimbo yenyewe.

Tuanze na muda. Majaribio mengi ya awali hufanywa katika chombo kinachojazwa mara moja, kukorogwa kwa saa kadhaa, kisha kumwagwa. Kiwanda hupokea na kutoa tope bila kusimama. Katika chombo cha kwanza kila chembe hukaa muda uleule. Katika tangi la mtiririko endelevu baadhi ya chembe hutoka dakika chache baada ya kuingia na nyingine hukaa mno, hata kama wastani ni uleule. Tuseme myeyuko unafuata kanuni ya daraja la kwanza (kasi hulingana na kiasi kilichobaki), na kasi yake ikizidishwa kwa muda inatoa 3. Chombo kinachojazwa mara moja kitayeyusha asilimia 95. Tangi moja lenye mtiririko, kwa muda huohuo wa wastani, litayeyusha 75. Matangi manne yaliyofuatana na kugawana muda huo yatafika karibu 89, na matangi sita karibu 91. Mhandisi aliyechukua saa za maabara na kuziweka moja kwa moja katika matangi manne amejipangia hasara ya pointi 6 kabla ya kuchimba msingi, na hakuna mwendeshaji atakayeifidia kwa bidii. Dawa ni kuongeza tangi au kupunguza mtiririko, na dawa ya mapema zaidi ni kuendesha jaribio lenyewe kwa mtiririko endelevu, kwa idadi ileile ya matangi itakayojengwa.

Sababu ya pili ni tope kutua chini. Hapa hesabu ya kukuza ukubwa inastahili kufanywa upya kwa mkono. Chukua tangi la majaribio lenye kipenyo cha mita 1 na tangi la kiwanda la mita 10 lenye umbo lilelile: ujazo umekua mara 1,000. Ukishikilia kasi ileile ya ncha ya panga la kikorogeo, nguvu kwa kila mita ya ujazo inashuka hadi sehemu moja ya kumi. Ukishikilia nguvu ileile kwa kila mita ya ujazo, mizunguko kwa dakika inashuka kama mara 4.6, kasi ya ncha inapanda zaidi ya mara mbili, na muda wa kuchanganyika unarefuka kama mara 4.6. Ili chembe zisitulie chini, kanuni ya Zwietering, ambayo wasanifu wengi huitumia, inadai mizunguko ipungue kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha 0.85, kwa mfano wetu nguvu inayohitajika ni zaidi kidogo ya robo ya ile ya jaribio kwa kila mita ya ujazo. Ndiyo kusema aliyeshika kasi ya ncha amebakiwa na asilimia 10 ya nguvu mahali panapohitaji kama 28, na mchanga mzito utalala sakafuni.

Mchanga huo hauonekani kutoka juu. Teremsha fimbo ndefu yenye uzito kando ya ukuta na katikati ya vizuizi, ukilinganisha kina kilichopimwa na kina cha mchoro. Tangi lililojaa mchanga hadi theluthi moja limepoteza theluthi ya muda wake. Ukitaka uthibitisho zaidi, tia chumvi ya lithiamu kidogo kwa mkupuo mmoja katika tangi la kwanza, kisha pima kwenye mdomo wa tangi la mwisho kila baada ya dakika chache: lithiamu ikitokea mapema mno, kuna njia ya mkato, mara nyingi kwa sababu bomba la kuingizia na mdomo wa kutokea vimewekwa karibu au bomba la kuteremshia tope limetoboka juu. Kumbuka tu kwamba lithiamu hufuata maji, na chembe nzito zinaweza kuwa na safari yao tofauti.

Sababu ya tatu ni mwamba. Chukua mabaki ya kiwanda, yachekeche kwa ukubwa wa chembe na upime shaba katika kila fungu. Ikiwa shaba iliyobaki imejificha katika chembe kubwa, rudi kwenye kinu na kwenye ukorogaji. Ikiwa imesambaa katika mafungu yote, hata laini, basi madini yaliyomo hayayeyuki kwa njia hii. Sampuli za majaribio mara nyingi huchukuliwa karibu na uso wa ardhi, ambako kuna malakiti (madini ya shaba) na heterojeniti (madini ya kobalti). Machimbo yakishuka, kalkosaiti na karoliti huanza kujitokeza, na hizo ni salfaidi, yaani madini yenye salfa, zinazohitaji kioksidishaji. Hapo kuna mtego ambao ripoti chache huutaja. Kobalti ya heterojeniti inahitaji kipunguzaji, na salfaidi zinahitaji kinyume chake, kwa hiyo kumwaga kipunguzaji zaidi ili kuokoa kobalti kunazidi kuifungia shaba ya salfaidi. Maabara ipime kila siku shaba ya jumla na shaba inayoyeyuka kwa asidi kama namba mbili tofauti. Pengo kati yao likianza kupanuka, mjadala uhamie kwa wanajiolojia na mpango wa uchimbaji, kwa kuwa matangi hayana kosa.

Kobalti peke yake inashuka, na hewa inanuka salfa

Katika heterojeniti kobalti iko katika hali ya tatu ya oksidisho na haiyeyuki vya kutosha katika asidi tupu. Viwanda vya huku hutumia dioksidi ya salfa au metabisalfaiti ya sodiamu kuishusha hadi hali ya pili. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya kobalti inahitaji takriban kilo 0.54 za dioksidi ya salfa. Kiwanda daima hutumia zaidi, kwa sababu manganizi nayo hudai sehemu yake na oksijeni ya hewa huchukua bila kuomba. Lakini matumizi yakiwa mara mbili ya yale ya jaribio, na waendeshaji wakalalamika kwamba macho yanawasha, kisababishi kiko karibu sana na mdomo wa bomba la dawa.

Rudi kwenye ule muda wa kuchanganyika uliorefuka mara 4.6. Katika tangi dogo, metabisalfaiti iliyodondoshwa juu ya uso ilisambaa kabla haijapata nafasi ya kutoa gesi. Katika tangi kubwa inakutana na asidi mahali pamoja, inageuka gesi hapohapo, na gesi inapanda na kuondoka kabla ya kuiona kobalti. Kwa hiyo usiongeze dozi. Kwanza teremsha bomba la dawa chini ya uso hadi karibu na panga la kikorogeo, punguza ukali wa mmumunyo wa dawa, na gawa dozi katika matangi mawili au matatu. Fanya hivyo kwa zamu chache na uangalie kipimo cha volti za redoksi, kinachoonyesha nguvu ya kipunguzaji, katika kila tangi. Gesi hii ina uzito zaidi ya mara mbili ya hewa, hukusanyika kwenye mashimo na chini ya majukwaa, na hakuna ruhusa ya mtu kushuka huko bila kipima gesi na barakoa inayofaa, hata kama ni kwa dakika moja kufungua vali.

Povu linamwagika juu ya tangi la kwanza

Mwamba wa Katanga, yaani ukanda huu, una dolomaiti (kabonati ya kalisi na magnesiamu), na malakiti yenyewe ni kabonati. Tani 1 ya dolomaiti ikiisha katika asidi hutoa takriban kilo 477 za kabonidioksidi, ambazo kwa nyuzi 30 na kwa shinikizo la hewa la Lubumbashi, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, hujaza kama mita za ujazo 310. Gesi yote lazima ipite kwenye uso wa tope. Tangi likikua mara kumi kwa kila upande, ujazo unakua mara 1,000 lakini uso mara 100 tu, kwa hiyo kila mita ya mraba inapitisha gesi mara kumi zaidi. Povu ambalo katika jaribio lilikuwa utando wa vidole viwili linageuka mafuriko.

Gawa tope linaloingia kati ya tangi la kwanza na la pili, tia asidi kwa hatua, na acha nafasi tupu ya kutosha juu. Kuhusu dawa za kuua povu, mimi ni mgumu: nyingi kati yake huvuruga utengano wa mafuta na maji katika hatua inayofuata, na mtu anayeokoa saa moja ya usafi katika tangi la kwanza anaweza kulipia wiki nzima kwenye matangi ya kutulizia. Isiingie kiwandani dawa ambayo haijajaribiwa kwanza katika gudulia pamoja na mafuta yenyewe.

Asidi inaliwa kupita makadirio

Hapa hesabu ni fupi. Kilo 1 ya dolomaiti hula kilo 1.06 za asidi ya salfuriki. Dolomaiti ikipanda kwa pointi 1 tu katika malighafi, kila tani ya mawe inadai kilo 10.6 zaidi, na asidi hiyo ama inaletwa kwa malori ama inatengenezwa kwa salfa iliyosafirishwa mbali. Ikiwa sampuli ya jaribio ilichambuliwa kwa mkono ili ionekane nzuri, asidi ndiyo itakayotoboa siri.

Kuna kisababishi kingine kilicho kinyume. Kila kilo ya shaba inayovutwa na mafuta, na kila kilo inayoganda kwenye kathodi, hurudisha kilo 1.54 za asidi katika mmumunyo wake. Jaribio lililotumia asidi mpya tu halikuona asidi hiyo ikirudi, na hivyo makadirio yake yanaweza kuwa ya juu mno. Kiwanda kinachorudisha mmumunyo huo bila kupunguza asidi mpya kitajikuta na pH ya chini, chuma na silika nyingi zilizoyeyuka bila sababu, na gharama ya chokaa baadaye. Angalia pia maji. Visima vinavyochota katika miamba ya dolomaiti ya eneo hili hutoa maji magumu, na kalisi yake hukutana na salfeti na kuganda kuwa ukoko wa jasi ndani ya mabomba. Jaribio la wiki tatu halitaonyesha ukoko huo. Mabomba ya kiwanda yatauonyesha baada ya miezi.

Mafuta na maji hayatengani

Kimiminika cha mafuta chenye dawa ya kuvuta shaba kilitengana na maji kwa dakika moja katika jaribio. Kiwandani tabaka la mchanganyiko linanenepa hadi linaruka ukingo. Kabla ya kulaumu dawa, uliza jaribio lilifanyika mwezi gani. Oktoba mjini Lubumbashi ni joto. Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, mafuta yanakuwa mazito, na matone yanachelewa kuungana. Dalili inayopona yenyewe kila saa sita mchana na kurudi alfajiri ni ya joto, na inatibiwa kwa kupasha mmumunyo kwa elektroliti yenye moto (mmumunyo wa seli za umeme) kupitia kibadilisha joto, au kwa kupunguza mtiririko wa usiku.

Ikiwa haifuati saa, tazama ni kimiminika kipi kinachobeba na kipi kimetawanyika kama matone. Kipima upitishaji umeme ndani ya kichanganyio kinajibu mara moja: maji yakiwa ndiyo yanayobeba, umeme unapita, mafuta yakibeba, haupiti. Silika laini inapokuwa nyingi, mafuta yabebe, kwa sababu maji yakibeba hutengeneza ule utando wa matope usiovunjika kati ya tabaka mbili. Katika hatua ya mwisho, ambako maji huondoka, mafuta yakibeba pia hupunguza mafuta yanayopotea pamoja na maji. Katika hatua ambayo mafuta huelekea kuvuliwa shaba, watu hupendelea maji yabebe ili mafuta yasichukue matone ya maji machafu, lakini silika ikizidi upendeleo huo hauna budi kuachwa. Kimiminika kinachobeba kinaweza kugeuka chenyewe usiku, pampu moja ikipungua kidogo, na zamu ya asubuhi ikarithi tatizo lisilo na maelezo katika daftari.

Ukubwa nao una neno. Wasanifu hushika mtiririko uleule kwa kila mita ya mraba ya tangi la kutulizia, na hilo ni sawa, lakini tangi la majaribio la mita 1 na la kiwanda la mita 20, kina kikiwa kilekile, hutofautiana mara 20 katika kasi ya mafuta kuelekea ukingoni. Matone yaliyokuwa na nafasi ya kutua sasa yanasombwa. Ongeza kina cha mafuta na kagua nyavu za kutuliza mkondo mahali pa kuingilia.

Halafu kuna vumbi. Jaribio lilikuwa ndani ya jengo. Matangi ya kiwanda yako nje, na kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza vumbi jekundu la barabara za machimbo linatua juu ya kila kitu. Vumbi hilo ni silika na udongo, na ni chakula cha ule utando. Vifuniko vya matangi si mapambo.

Kila kitu ni kizuri kwa miezi miwili, kisha kinaharibika polepole

Dalili hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyebadilisha kitu. Kisababishi chake ni mzunguko. Tuseme kiwanda cha majaribio kina lita 2,000 za mmumunyo ndani yake, na kila siku lita 50 hutolewa nje ili kupunguza uchafu. Muda wa tabia wa mzunguko huo ni siku 40. Magnesiamu, manganizi na kloridi zitafika asilimia 63 ya kiwango chake cha mwisho baada ya siku 40, na asilimia 95 baada ya siku 120. Jaribio la siku 21 linaona kama asilimia 41 tu, kisha linafungwa kwa shangwe. Hata kiwandani, asidi, shaba na pH hutulia mapema na kumdanganya mtazamaji kwamba mfumo wote umetulia.

Magnesiamu ikipanda, mmumunyo unakuwa mzito, chembe zinatua kwa shida na mafuta yanatengana kwa shida. Manganizi hupita hadi kwenye elektroliti ndani ya matone yaliyosombwa na mafuta. Huko anodi huioksidisha hadi permanganeti, ambayo huyaharibu mafuta yanapokutana nayo. Kanuni inayotumika na wengi ni kuhakikisha chuma katika elektroliti ni angalau mara 10 ya manganizi. Rangi ya zambarau hafifu kwenye elektroliti ni onyo la kusimama na kupima, kabla elektroliti hiyo haijarudishwa kwenye mafuta.

Tiba ya kiwanda ni kuongeza mmumunyo unaotolewa nje, kwa gharama ya kobalti itakayopotea usipoikamata kwanza. Kwa jaribio lijalo kuna njia ya haraka: kokotoa kiwango cha mwisho cha kila uchafu kwa kugawa uzito unaoingia kwa siku na lita zinazotolewa kwa siku, kisha anza jaribio na mmumunyo uliotiwa chumvi hizo tangu siku ya kwanza. Wiki tatu zitasema yale ambayo yangehitaji miezi minne.

Kichujio hakimalizi kazi

Kwa shinikizo lisilobadilika, muda wa kujenga keki, yaani tabaka la tope linalobaki kwenye kichujio, hukua kwa mraba wa unene. Keki ya maabara ya milimita 10 na keki ya kiwanda ya milimita 30 hutofautiana mara 9, si mara 3. Majira ya mvua huongeza udongo wa mfinyanzi katika malighafi na kuvuruga hata hesabu sahihi. Jaribu tope la Januari, si la Agosti tu.

Hidroksidi ya kobalti ni laini mno na imejaa maji

Oksidi ya magnesiamu inayotumika kuitoa kobalti katika mmumunyo ikiwa hidroksidi hutofautiana sana kwa uchangamfu kutoka mzigo mmoja hadi mwingine, na jaribio lilitumia gunia moja. Oksidi iliyochoka haiishi kuyeyuka, hubaki ndani ya bidhaa na kushusha kiwango cha kobalti. Iliyo changamfu mno, ikitiwa mahali pamoja, hupandisha pH ya sehemu ile tu, chembe laini zikazaliwa kwa wingi, na manganizi ikaanguka pamoja na kobalti. Pima uchangamfu wa kila mzigo kwa jaribio dogo la asidi kabla haujapokelewa, tia dawa kwa hatua, na rudisha sehemu ya hidroksidi iliyokwisha kutua mwanzoni mwa mstari ili iwe mbegu. Chembe hukua juu ya mbegu, na keki inakauka vizuri zaidi. Ikiwa jaribio halikurudisha mbegu, namba zake za unyevu zisitumiwe kusanifu usafirishaji.

Mabomba ya jaribio lenyewe yanaziba

Hii ni dalili ya uongo, na imewahi kuua miradi isiyo na kosa. Lita 100 kwa saa katika bomba la milimita 25 hutembea chini ya sentimita 6 kwa sekunde, na tope linahitaji kama mita 1 au zaidi. Ili kupata kasi hiyo bomba lingekuwa la milimita 6, ambalo chembe kubwa zitaliziba. Tumia mzunguko wa kasi unaorudi kwenye tangi la chanzo, na uchote kidogo kutoka kwake kwa pampu ya kukamua mpira. Kuziba huko kusiandikwe katika ripoti kama tabia ya mwamba.

Baada ya umeme kukatika, mambo hayarudi yalivyokuwa

Jaribio liliendeshwa kwa jenereta na halikuzimika hata mara moja, hivyo hakuna aliyejua tope hutua kwa kasi gani wala kama kikorogeo kinaweza kuanza kikiwa kimezikwa. Kiwandani, saa mbili za giza zinatosha kufunika panga la chini, na mota inazimwa na kinga yake kila inapojaribu. Wakati jaribio bado lipo, zima umeme kwa makusudi kwa saa moja, mbili, kisha nne, pima kina cha tope lililotua kila mara, na amua hapo kama kikorogeo kitapewa jenereta yake au bomba la hewa la kulitikisa tope kabla ya kuwasha.

Seli za elektrolisisi ni nyeti zaidi. Anodi za risasi hulindwa na tabaka la oksidi linalodumu kwa sababu mkondo unapita. Mkondo ukikatika kabisa tabaka hilo hulegea na kumomonyoka, na baada ya umeme kurudi risasi huonekana katika shaba. Kwa hiyo kathodi zikikataliwa kwa ajili ya risasi, linganisha tarehe zake na daftari la kukatika kwa umeme kabla ya kuchambua elektroliti. Tarehe zikilingana, kinachohitajika ni rektifaya (kifaa cha kuzipa seli mkondo wa umeme mnyoofu) ndogo ya akiba yenye uwezo wa kupitisha mkondo hafifu katika seli zote hadi umeme urudi, na muda wake wa kuwaka ujaribiwe kila mwezi huku saa ikiwa mkononi.